Mgonjwa Mmoja, Saratani Mbili: Historia ya Swali la Ukoo wa Seli katika Saratani za Damu, 1845–2014

Utangulizi

Mgonjwa anayekutwa na saratani mbili za damu kwa wakati mmoja, au ya pili ikiifuata ya kwanza, amekuwa akitajwa pembezoni mwa historia ya tiba. Vitabu vya kiada humweka katika aya ya mwisho ya sura, penye mambo ya nadra. Masimulizi mengi ya kihistoria nayo yamefuata njia hiyohiyo: huanza na ugunduzi wa lukemia, hupitia upakaji rangi wa seli, kisha kromosomu, kisha dawa mpya za vidonge, na mgonjwa huyu mwenye maradhi mawili haonekani isipokuwa kama kioja. Makala haya yanadai kinyume chake. Yanadai kwamba mgonjwa huyu ndiye aliyeulazimisha kila mfumo wa uainishaji kutamka waziwazi unahesabu nini: kiungo kilichovimba, sura ya seli, au nasaba yake. Pale ambapo mgonjwa ana ugonjwa mmoja tu, majibu haya matatu hupatana na swali halizuki. Kwake yeye hayapatani.

Kwa saratani za viungo kama titi au utumbo, swali la moja au mbili lilipata masharti yake mapema. Theodor Billroth, mpasuaji wa Vienna, aliyatoa mwishoni mwa karne ya 19, na Warren na Gates (1932) wakayafupisha: kila uvimbe uwe saratani ya kweli, kila mmoja uwe umejitenga na mwenziwe, na ithibitike kwamba mmoja haukusambaa kutoka kwa mwingine. Masharti hayo yanadhania kwamba saratani ina mahali. Damu haina mahali. Seli zake huzaliwa katika uboho, hupita kwenye wengu, hutua katika tezi za limfu na kuzunguka mwili mzima. Kusema kwamba saratani mbili za damu zimejitenga ni kutumia neno ambalo kwa zaidi ya miaka 100 halikuwa na kipimo.

Katika makala haya neno ukoo linatumika kwa maana ya kundi la seli zilizotokana na seli mzazi mmoja, yaani kile ambacho maandishi ya sayansi hukiita kloni. Neno hili limechaguliwa kwa sababu. Ukoo una milango, na mlango una matumbo. Watu wawili waweza kuwa wa ukoo mmoja na wakawa wa milango tofauti. Lugha ya nasaba, kwa hiyo, inaruhusu jibu la tatu, lisilo moja wala mbili, na jibu hilo ndilo ambalo maabara zilichelewa kulifikia.

Kutoka kiungo hadi seli

Mwaka 1845 John Hughes Bennett wa Edinburgh alichapisha taarifa ya mgonjwa aliyekufa akiwa na wengu na ini vilivyovimba, na damu iliyojaa chembe zisizo na rangi. Bennett aliamini ameona usaha ndani ya damu. Majuma machache baadaye Rudolf Virchow wa Berlin alichapisha taarifa ya mgonjwa wake aliyefanana na huyo, lakini akakataa kwamba ni usaha: kwake hizo zilikuwa seli nyeupe za damu zilizozidi kiasi. Mwaka 1847 akaupa ugonjwa huo jina la lukemia. (Ugomvi wa nani alitangulia uliendelea kwa miaka mingi na umeandikiwa sana, hauna faida kubwa kwa hoja hii.)

Linalohusu zaidi ni namna Virchow alivyougawa ugonjwa huo baadaye. Aliona wagonjwa ambao wengu ndio uliokuwa mkubwa, na wengine ambao tezi za limfu ndizo zilizovimba, akataja aina mbili kulingana na viungo hivyo. Ernst Neumann aliongeza kiungo cha tatu mwaka 1870, baada ya kuonyesha kwamba seli za damu hutengenezwa katika uboho. Lakini wagonjwa hawakufuata mpaka huo. Wengi walikuwa na wengu uliovimba na uboho uliobadilika kwa pamoja. Waandishi wa vitabu wa mwisho wa karne ya 19 hawakusema kwamba mgonjwa wa namna hiyo ana maradhi mawili; waliunganisha majina ya viungo, wakawa na lukemia ya wengu na uboho. Jina la kuunganisha liliwaondolea haja ya kuamua.

Rangi za Paul Ehrlich, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, ziliivunja suluhu hiyo. Seli nyeupe zilionekana sasa kuwa za jamii tofauti: zile zenye chembechembe zinazoshika rangi, ambazo Ehrlich alizihusisha na uboho, na limfosaiti, alizozihusisha na tezi. Kutokana na hapo kukazuka mabishano makali katika elimu ya damu. Ehrlich, na baada yake Otto Naegeli wa Uswisi, walishikilia kwamba jamii hizo mbili hazina asili moja. Alexander Maximow, Mrusi, alisimama Berlin mwaka 1909 kutetea kwamba zote hutoka katika seli mzazi mmoja, naye akaamini seli hiyo ina sura ya limfosaiti.

Mabishano haya kwa kawaida husimuliwa kama suala la ukuaji wa seli za kawaida. Yatazamwe kwa upande wa mgonjwa mwenye saratani mbili. Iwapo Naegeli ana haki, mtu mwenye lukemia ya uboho ambaye baadaye anaonyesha lukemia ya limfu amepatwa na mikosi miwili isiyohusiana. Iwapo Maximow ana haki, huenda amepatwa na mkosi mmoja uliotoa matawi mawili. Maximow alikosea kuhusu sura ya seli mzazi, lakini kuhusu kuwapo kwake hakukosea. James Till na Ernest McCulloch wa Toronto walionyesha kwa panya, mwaka 1961 na katika kazi iliyofuata mwaka 1963, kwamba seli moja ya uboho yaweza kuzaa jamii kadhaa za seli za damu. Katika miaka ya 1970 ikabainika vilevile kwamba lukemia sugu ya uboho, inapogeuka kuwa kali, kwa baadhi ya wagonjwa hugeuka na kuwa na sifa za limfu. Mgonjwa huyo Naegeli angemhesabia maradhi mawili.

Neno "kuambatana"

Mwaka 1928 Maurice Richter, mwanapatholojia wa New York, alichapisha katika jarida la patholojia la Marekani taarifa ya mgonjwa mmoja aliyefanyiwa uchunguzi wa maiti. Mgonjwa huyo alikuwa na lukemia ya limfu, na pamoja nayo uvimbe mkali wa seli kubwa ulioenea katika tezi. Hadubini ilionyesha seli ndogo za lukemia na seli kubwa za uvimbe katika mwili mmoja. Kichwa cha makala yake kinastahili kusomwa kwa makini kuliko kilivyosomwa hadi sasa: Richter hakuandika kwamba lukemia imegeuka, wala hakuandika kwamba maradhi mawili yamekutana. Aliandika kwamba uvimbe "umeambatana" na lukemia. Ni neno la mtu anayejua mpaka wa chombo chake. Hadubini ingeweza kumwonyesha sura mbili, lakini isingeweza kumwambia kama zina mzazi mmoja.

Tahadhari hiyo haikudumu. Mwaka 1964 Lortholary na wenzake nchini Ufaransa waliipa hali hiyo jina la Richter, na kwa kupata jina ikapata pia maelezo: taratibu ilizoeleka kuitwa mgeuko, kana kwamba swali la nasaba limekwisha kujibiwa. Halikuwa limejibiwa. Jina lilitangulia ushahidi kwa miongo miwili na zaidi.

Wakati huohuo kundi jingine la wagonjwa lilikuwa likipewa jina lake. R. Philip Custer, mwaka 1954, katika makala kuhusu mitego inayomsubiri mwanapatholojia wa limfoma na lukemia, alitumia jina la limfoma mseto kwa mgonjwa ambaye vipande vya tishu yake vinaonyesha zaidi ya aina moja ya limfoma. Kim, Hendrickson na Dorfman (1977) waliubana ufafanuzi huo: aina hizo mbili sharti ziwe katika kiungo kimoja au uvimbe mmoja, na mpaka kati yao uonekane wazi. Hapa masharti ya Warren na Gates yanarudi kwa mlango wa nyuma. Kutengana bado ni kutengana kwa macho. Aina mbili zenye mpaka ni mseto. Zikichanganyika bila mpaka, huenda ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Sharti hilo lina mantiki kwa mtu aliye mbele ya hadubini, lakini mpaka unaoonekana katika tishu si lazima uwe mpaka wa nasaba.

Kimeng'enya na wagonjwa wa Nairobi

Jibu la kwanza lisilotegemea sura ya seli lilitoka katika kimeng'enya kimoja, nalo lina uhusiano wa moja kwa moja na Afrika Mashariki.

Mary Lyon alipendekeza mwaka 1961 kwamba katika kila seli ya mwili wa jike, kromosomu moja kati ya X mbili hunyamazishwa mapema katika ukuaji wa kiinitete, na seli zote zinazozaliwa na seli hiyo huurithi unyamavu huo. Jeni ya kimeng'enya cha G6PD imo katika kromosomu X. Kimeng'enya hicho kina aina zinazotofautishwa kwa umeme katika maabara, na aina mbili, A na B, ni za kawaida miongoni mwa watu wa asili ya Afrika. Mwanamke aliyerithi A kutoka kwa mzazi mmoja na B kutoka kwa mwingine ana mwili uliochanganyika: ngozi yake ikipimwa hutoa A na B kwa pamoja, kwa kuwa imeundwa na seli nyingi zilizochagua tofauti. Lakini uvimbe uliotokana na seli moja tu utatoa A peke yake, au B peke yake. Linder na Gartler (1965) walitumia hoja hii kwa uvimbe wa mji wa mimba. Philip Fialkow wa Seattle, pamoja na Gartler na Yoshida (1967), waliipeleka kwenye lukemia sugu ya uboho. Ngozi za wagonjwa wao zilitoa aina mbili. Seli nyeupe za lukemia zilitoa moja, na seli nyekundu za damu vilevile zilitoa moja. Saratani hiyo, basi, ilianzia katika seli mzazi iliyokuwa ikizaa seli nyeupe na nyekundu. Wingi wa jamii mbili za seli katika mgonjwa huyo haukuwa maradhi mawili.

Hatua iliyofuata iliwahusu wagonjwa wa Kenya. Denis Burkitt alikuwa ameeleza mwaka 1958, kutokana na kazi yake katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, uvimbe wa taya wa watoto ambao baadaye ulitambulika kuwa limfoma. Epstein, Achong na Barr walipata kirusi katika seli za uvimbe huo mwaka 1964. Kirusi kilizua tatizo la nasaba. Kama kirusi huambukiza seli nyingi kwa mara moja, uvimbe wapaswa kuwa na wazazi wengi; na mtoto mwenye uvimbe wa taya na mwingine wa tumbo huenda ana saratani mbili zilizoanzishwa na kirusi kimoja. Peter Clifford, mpasuaji wa koo na masikio jijini Nairobi, alikuwa na wagonjwa wengi wa aina hii, na alikuwa akituma tishu kwa ndege hadi Stockholm, kwa Eva na George Klein. Ushirikiano huo ndio uliofungua njia ya utafiti wa Fialkow, Klein, Gartler na Clifford (1970). Kwa wagonjwa wa kike waliokuwa na aina zote mbili za kimeng'enya, uvimbe ulitoa aina moja. Limfoma ya Burkitt, ijapokuwa ina kirusi, ilikuwa ya ukoo mmoja.

Kampala iliuliza swali hilohilo kwa njia nyingine, kando ya kitanda. Katika kituo cha tiba ya limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, John Ziegler na wenzake waliona kwamba ugonjwa uliorudi baada ya nafuu ulirudi kwa namna mbili. Kwa baadhi ya watoto ulirudi ndani ya miezi michache, mara nyingi mahali palepale, na ukaikaidi dawa. Kwa wengine ulirudi baada ya muda mrefu, mara nyingi mahali pengine, na dawa ileile ikauyeyusha tena. Walidokeza kwamba kurudi huko kwa kuchelewa huenda si kurudi, bali ni kuanza upya. Kwa maneno mengine, mtoto aliyehesabiwa kuwa na limfoma moja iliyorejea huenda alipata limfoma mbili. Dhana hii ilizaliwa katika wodi, kutokana na tarehe na mahali pa uvimbe, na ilikuwa na matokeo ya vitendo: mtoto wa kundi la pili hakupaswa kukatiwa tamaa.

Ni vyema kusema hapa kile ambacho masimulizi mengi ya wazo la kloni hayasemi. Majina ya wagonjwa hao hayamo katika machapisho, na ndivyo inavyopasa. Lakini mahali walipotoka pangeweza kuwamo katika historia. Wazo kwamba saratani hutokana na seli moja huandikwa kama mafanikio ya Seattle na Philadelphia, hali kipimo chake cha kwanza kilitegemea tofauti ya urithi iliyoenea kwa watu wa asili ya Afrika. Katika limfoma kilitegemea pia tishu zilizotolewa Nairobi. Bila wanawake wenye A na B kipimo hicho kisingekuwa na la kupima.

Saratani iliyoletwa na dawa

Kuna sura moja ya historia hii ambamo swali la moja au mbili lilikuwa pia swali la nani alisababisha. Haradali ya naitrojeni, ndugu wa gesi ya vita, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa limfoma nchini Marekani mwaka 1942, na matokeo yakatangazwa mwaka 1946 baada ya usiri wa vita kuondolewa. Dawa za jamii hiyo zilifuata kwa wingi: klorambusili, melfalani na nyinginezo. Mwaka 1970 Vincent DeVita na wenzake walionyesha kwamba mseto wa dawa nne, haradali ya naitrojeni ikiwa mojawapo, waweza kuwaponya wagonjwa wengi wa ugonjwa wa Hodgkin uliokwisha kusambaa. Yalikuwa mafanikio makubwa kwelikweli.

Mwaka huohuo Kyle, Pierre na Bayrd walichapisha taarifa ya wagonjwa 4 wa mieloma waliopata lukemia kali, wakaihusisha na melfalani. Kufikia katikati ya muongo huo taarifa za lukemia kwa wagonjwa waliotibiwa ugonjwa wa Hodgkin zilikuwa zimekuwa nyingi. Kwa nini ilichukua muda? Jibu la kawaida ni kwamba hapo awali wagonjwa hawakuishi muda wa kutosha kupata saratani ya pili, na jibu hilo ni la kweli kwa sehemu. Lipo jingine. Elimu ya wakati huo ilikuwa na mahali tayari pa kuiweka lukemia hiyo. William Dameshek alikuwa ameandika mwaka 1951 kwamba polisithemia vera, lukemia sugu ya uboho na maradhi mengine yanayofanana nayo ni hatua za mwendo mmoja, na mgonjwa aweza kupita kutoka moja hadi nyingine. Wazo hilo lilikuwa na busara na sehemu yake kubwa imesimama. Lakini lilimpa daktari njia ya kuiita lukemia ya mgonjwa wake mwisho wa kawaida wa ugonjwa wa kwanza. Palipo na mwendo mmoja, hakuna saratani ya pili, na pasipo saratani ya pili hakuna wa kuulizwa.

Swali hili halikumalizwa na hadubini wala kimeng'enya. Lilimalizwa na kura. Kikundi cha utafiti wa polisithemia vera kilichoanzishwa mwaka 1967 chini ya Louis Wasserman kiliwagawa wagonjwa 431 kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliopunguzwa damu peke yake, waliopewa fosforasi ya mionzi, na waliopewa klorambusili. Taarifa ya mwaka 1981 ilionyesha kwamba lukemia kali ilimpata mgonjwa 1 kati ya 134 wa kundi la kwanza, 9 kati ya 156 wa kundi la pili, na 16 kati ya 141 wa kundi la tatu. Kama lukemia ingekuwa mwisho wa kawaida wa ugonjwa na hakuna zaidi, makundi hayo yangelingana.

Matokeo yalibadilisha tiba. Klorambusili iliachwa katika ugonjwa huo. Kwa ugonjwa wa Hodgkin, mseto mwingine wa dawa uliotolewa Milan na Gianni Bonadonna mwaka 1975 ulichukua nafasi ya ule wa DeVita, na mojawapo ya sababu ni kwamba uliwaletea wagonjwa lukemia chache zaidi. Alama za kibiolojia nazo zilipatikana: Janet Rowley na wenzake walionyesha katika miaka ya 1970 na 1980 kwamba seli za lukemia za wagonjwa hao mara nyingi zimepoteza sehemu au zima la kromosomu ya 5 au ya 7. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 uliipa lukemia inayotokana na tiba kundi lake rasmi. Ni nadra katika historia ya tiba kwa kosa la dawa kuandikwa ndani ya jina la ugonjwa.

Milango ya ukoo mmoja

Mwaka 1976 Hozumi na Tonegawa walionyesha kwamba jeni za kingamwili hukatwa na kuungwa upya katika kila limfosaiti B. Kila seli hivyo hubeba mshono wake, na wazao wake wote huurithi. Kipimo hiki hakikuhitaji tena mwanamke mwenye A na B. Mgonjwa yeyote wa limfoma ya seli B alikuwa na alama ya nasaba ndani ya seli zake. Kuanzia miaka ya 1980 maabara ziliweza kurudi kwa wagonjwa wa Richter na wa limfoma mseto na kuuliza moja kwa moja.

Jibu halikuwa moja. Rossi na wenzake (2011) walipowapima wagonjwa ambao lukemia yao ya limfu ilifuatwa na limfoma ya seli kubwa, takribani asilimia 80 walikuwa na mshono mmoja katika maradhi yote mawili: mgeuko wa kweli. Waliobaki walikuwa na mishono tofauti: saratani mbili zisizo na undugu katika mwili mmoja. Na hao waliokuwa na saratani mbili ndio walioishi muda mrefu zaidi, kwa tofauti ya miaka, kuliko waliokuwa na ugonjwa mmoja uliogeuka. Neno la Richter la mwaka 1928, lililoonekana kuwa la kusitasita, lilikuwa sahihi kuliko jina lililopachikwa juu yake mwaka 1964; na tofauti ambayo jina hilo liliifunika ilikuwa tofauti ya maisha.

Limfoma mseto ilileta jibu la tatu. Asili ya seli za ugonjwa wa Hodgkin ilibaki fumbo hadi Küppers, Rajewsky na wenzao walipoonyesha mwaka 1994, kwa kupima seli mojamoja, kwamba ni limfosaiti B. Bräuninger na wenzake (1999) kisha waliwachunguza wagonjwa 2 waliokuwa na ugonjwa wa Hodgkin na limfoma nyingine pamoja. Mshono ulikuwa mmoja. Lakini juu ya mshono huo kulikuwa na mabadiliko ya jeni ya aina mbili: mengine yalipatikana katika saratani zote mbili, mengine katika moja tu. Seli mzazi ilikuwa imebadilika kwanza, kisha wazao wake wakaachana njia na kila upande ukawa saratani yake. Si ugonjwa mmoja uliogeuka kuwa mwingine, wala si maradhi mawili yaliyokutana. Ni milango miwili ya ukoo mmoja, na babu yao hakuwa lazima awe saratani.

Babu huyo alipata sura pana zaidi mwaka 2014, wakati vikundi viwili vya watafiti, cha Jaiswal na cha Genovese, vilipoonyesha kwamba takribani mtu 1 kati ya 10 waliovuka miaka 65 au 70 ana katika damu yake ukoo wa seli wenye mabadiliko ya jeni, ingawa hana ugonjwa wa damu. Ukoo huo waweza kukaa kimya maisha yote, au waweza kuzaa lukemia. Kwa upande wa maradhi ya uboho, ugunduzi wa badiliko la jeni ya JAK2 mwaka 2005 ulifuatwa na taarifa za wagonjwa waliokuwa nalo pamoja na kromosomu ya Philadelphia. Inapasa kukumbukwa kwamba kwa miongo mingi kutokuwapo kwa kromosomu hiyo kulikuwa sharti la kutambua maradhi hayo mengine. Mgonjwa mwenye yote mawili hakuwa nadra tu. Kwa mujibu wa kanuni hakuweza kuwapo.

Kanuni za kuhesabu zimebaki nyuma ya haya yote. Sajili za saratani, ikiwamo ile ya Kampala iliyoanzishwa katika miaka ya 1950, huhitaji jibu la namba: kesi moja au mbili. Kanuni za kimataifa za mwaka 2004 ziligawa saratani za damu katika makundi machache mapana, na mgonjwa huhesabiwa mara mbili pale tu saratani zake zinapoangukia makundi tofauti. Lukemia sugu ya limfu na limfoma ya seli kubwa zote ni za seli B, kwa hiyo mgonjwa wa Richter mwenye koo mbili zisizohusiana huandikwa mara moja. Ugonjwa wa Hodgkin una kundi lake peke yake, kwa hiyo wagonjwa wa Bräuninger, ambao saratani zao zina babu mmoja, huandikwa mara mbili. Kanuni hizo zilitungwa ili sajili zilizo na hadubini peke yake ziweze kulinganishwa na zile zenye vifaa vyote, na kwa kazi hiyo zinafaa. Mtafiti anayetumia takwimu zake kama idadi ya saratani za pili za damu katika Afrika Mashariki, hata hivyo, anahesabu makundi ya uainishaji. Nasaba za seli hazimo katika takwimu hizo.